Mifereji ya Mate na Walinzi Wake wa Chumvi

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, chukua kipande kidogo cha muhogo uliochemshwa, ukitie kinywani. Usikimeze upesi. Kitafune polepole, uhesabu hata mia. Mwanzoni muhogo hauna ladha kubwa. Baadaye utaanza kuwa mtamu, ingawa hukutia sukari. Utamu huo umetoka wapi? Umetoka katika kazi ya mate yako, maana ndani yake imo dawa ya asili inayokata unga wa muhogo na kuufanya uwe sukari.

Watu wengi huyadharau mate. Wakitaka kumtukana mtu humtemea mate. Lakini mtu aliyekaukwa na mate hajui tena kula vizuri, wala kusema vizuri, wala kulala vizuri, na meno yake huharibika upesi. Katika hospitali tunawaona wagonjwa wa namna hiyo, nao wangefurahi sana kupata tena kitu kile ambacho wengine wanakitema njiani.

Katika somo hili tutatazama mahali mate yanapotoka, na zaidi tutatazama mifereji midogo inayoyaleta kinywani. Mifereji hiyo si kama mabomba ya chuma yanayopitisha maji tu. Kuta zake zinaishi na kufanya kazi. Ukiijua kazi hiyo utafahamu pia kwa nini tunakuambia umsafishe mgonjwa kinywa, kwa nini usikate shavu lililovimba kwa wembe, na kwa nini uoshe mara moja jeraha la mbwa.

1. NYUMBA ZA MATE

Mate hutengenezwa na viungo viitwavyo tezi. Tezi kubwa za mate ni jozi tatu, yaani sita kwa jumla, tatu upande wa kuume na tatu upande wa kushoto.

Ya kwanza, iliyo kubwa kupita zote, iko mbele ya sikio na chini yake kidogo. Ya pili iko chini ya mfupa wa taya. Ya tatu iko chini ya ulimi. Tena, katika midomo, mashavu na kaakaa kuna tezi nyingine ndogo sana, mamia kwa mamia, zinazolowesha kinywa mchana kutwa.

Tezi hizi zote pamoja hutoa mate kama nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku. Mengi tunayameza bila kufikiri. Wakati wa kula mate hutoka kwa wingi. Wakati wa usingizi karibu yakome kabisa. Kwa sababu hiyo, mabaki ya chakula yanayolala kinywani usiku huharibu meno kuliko ya mchana. Safisha meno kabla ya kulala.

Simama mbele ya kioo mahali penye mwanga. Fungua kinywa, vuta shavu nje kwa kidole safi, utazame ndani yake, mkabala wa jino la pili kati ya magego makubwa ya juu. Utaona kichunusi kidogo. Huo ndio mlango wa mfereji utokao katika tezi ya sikio. Ukilamba limau, utaona tone la maji safi likitoka hapo. Sasa inua ulimi. Chini yake, pande mbili za uzi ule unaoushika ulimi, utaona vinundu viwili. Hiyo ndiyo milango ya tezi za chini ya taya.

Watu wa zamani hawakuijua milango hii. Mwaka 1656 mganga wa London aitwaye Thomas Wharton alieleza habari za mfereji wa chini ya taya. Mwaka 1660 kijana wa Denmark, Niels Stensen, alikuwa akijifunza uganga katika mji wa Amsterdam. Alikuwa akipasua kichwa cha kondoo, akaingiza kijiti chembamba katika mfereji asioujua. Akakisukuma, akasikia kinagonga meno. Hivyo akafahamu ya kuwa mfereji ule unafika kinywani. Mpaka leo waganga huiita mifereji hiyo miwili kwa majina ya watu hao.

2. NDANI YA TEZI

Mwili wote umejengwa kwa vitu vidogo vilivyo hai viitwavyo chembe, au seli. Ni vidogo hata macho hayavioni bila mikroskopu. Chembe hamsini zikipangwa bega kwa bega hazijazi milimita moja.

Fikiri juu ya mkungu wa ngazi, yaani matunda ya mchikichi. Ukiukata utaona bua kubwa katikati, na vijiti vidogo vilivyotoka katika bua, na ngazi zimeshikamana na vijiti. Tezi ya mate inafanana na huo. Ngazi ni kama vifuko vidogo vinavyotengeneza mate. Vijiti ni mifereji midogo. Bua ni mfereji mkubwa unaotokea kinywani.

Chembe za vifuko ni za namna mbili. Namna ya kwanza hutoa maji mepesi yenye ile dawa ya kukata unga. Namna ya pili hutoa ute mzito, unaoteleza, ili chakula kipite kooni bila kukwaruza. Tezi ya sikio ina namna ya kwanza tu, au karibu tu. Tezi ya chini ya ulimi ina ute mwingi. Tezi ya chini ya taya inazo namna zote mbili.

Kuzunguka vifuko ziko chembe nyingine zenye mikono mirefu kama ya buibui. Zinakumbatia kifuko kwa nje. Ukisikia harufu ya samaki anayekaangwa, mishipa ya fahamu hupeleka habari, na chembe hizo hukaza mikono, zikakamua kifuko. Ndiyo maana mate hujaa kinywani kabla hujaonja kitu.

3. MIFEREJI YA NAMNA TATU

Sasa tufuate mate yakitoka katika kifuko.

Kwanza yanaingia katika mfereji mwembamba sana, wenye chembe fupi. Chembe hizi fupi huongeza katika mate dawa za asili zinazopigana na vijidudu. Tena baadhi yao zaweza kuzaa chembe mpya tezi inapoumia.

Halafu mate yanaingia katika mfereji wa pili, na hapa ndipo penye ajabu. Waganga huuita mfereji wenye mistari, kwa sababu katika mikroskopu chembe zake zinaonekana zimepigwa mistari upande wa chini, kama mkeka uliosukwa.

Mistari hiyo ni nini? Kwanza, ukuta wa chini wa kila chembe umekunjwa mara nyingi, kama sketi yenye marinda. Mtu akikunja nguo ya mita tatu, aweza kuivaa mahali penye nafasi ndogo. Vivyo hivyo ukuta uliokunjwa una eneo kubwa la kufanyia kazi ndani ya mahali padogo. Pili, kati ya makunjo hayo vimepangwa vitu virefu kama vijiti, vimesimama wima. Hivyo ni majiko ya chembe. Wasomi huviita mitokondria. Huko ndani chakula tulichokula huchomwa polepole, kikatoa nguvu. Chembe yenye majiko mengi ni chembe yenye kazi ngumu.

Mwisho, mifereji hiyo hukutana, ikawa mifereji mikubwa, na kuta zake zinakuwa nene zaidi, mpaka kufika katika mlango wa kinywani.

4. WALINZI WA CHUMVI

Kazi ngumu ya chembe zenye mistari ni nini? Ni kulinda chumvi.

Wazee wetu walijua thamani ya chumvi. Katika nchi iliyo mbali na bahari, mtu hakununua chumvi kila siku. Wanawake walikwenda kuvuna manyasi ya mabwawani, wakayachoma, wakaloweka majivu, wakachuja maji yake na kuyachemsha mpaka yakakauka. Ile ilikuwa chumvi ya majivu. Ilisaidia mboga, lakini ladha yake si sawa na chumvi ya dukani.

Tofauti hiyo ina sababu. Katika chumvi ya dukani imo sodiamu. Katika chumvi ya majivu imo potasiamu kwa wingi. Mwili unazihitaji zote mbili, lakini unaziweka mahali mbalimbali: sodiamu hasa katika maji ya damu, potasiamu hasa ndani ya chembe.

Mate yanapotoka katika kifuko, yana chumvi karibu sawa na maji ya damu. Lakini onja mate yako. Je, yana chumvi kama damu uliyoionja ulipokatwa kidole? Hapana. Njiani kuna mtu aliyeichukua. Huyo ndiye chembe yenye mistari.

Kazi inafanyika hivi. Katika yale makunjo ya upande wa chini mna pampu ndogo nyingi, zinazotumia nguvu za yale majiko. Kila pampu hutoa sodiamu tatu upande wa damu, ikaingiza potasiamu mbili ndani ya chembe. Kwa sababu sodiamu imepungua ndani, sodiamu nyingine iliyo katika mate huingia kwa milango ya juu ili kujaza nafasi, nayo pia husukumwa mpaka kwenye damu. Potasiamu nayo hutolewa polepole katika mate. Ni kama mwanamke mwenye akili sokoni: anaiweka chumvi ya dukani nyumbani, anatoa ya majivu.

Pamoja na hayo, chembe hizi zimeshikamana sana, na kuta zake hazipitishi maji kwa urahisi. Kwa hiyo chumvi inarudi, lakini maji hayaifuati. Yanaendelea kwenda kinywani. Kama maji ya damu yana vipimo 140 vya sodiamu, mate yanayotoka polepole yaweza kuwa na vipimo 10 tu, au pungufu. Lakini potasiamu yake inapita ile ya damu mara kadhaa.

Ukilamba limau, mate hukimbia upesi, na walinzi hawapati nafasi ya kushika kila kitu. Ndipo mate yanakuwa na chumvi zaidi. Ni kama mlinzi wa daraja: watu wakipita mmoja mmoja huwatazama wote, wakipita umati, wengi humponyoka. Tena mwili ukipungukiwa na chumvi, tezi ndogo zilizo juu ya figo hutuma habari kwa njia ya damu, na chembe za mifereji hukaza ulinzi wao, zikashika chumvi zaidi.

5. KWA NINI IWE HIVYO?

Labda utauliza, “Kama ninayameza mate yangu, chumvi si itarudi tumboni?” Ndiyo, sehemu kubwa itarudi. Lakini ziko faida nyingine.

Faida ya kwanza ni ladha. Kama mate yangekuwa na chumvi nyingi siku zote, ulimi ungezoea, nawe usingeweza kujua kama mboga ya sombe imetiwa chumvi kidogo au haikutiwa. Mate yasiyo na chumvi huuacha ulimi uwe tayari.

Faida ya pili ni kulinda meno. Mifereji huongeza katika mate kitu kinachofanana na soda ya magadi, kinachovunja ukali. Vijidudu vya kinywani vikila sukari hutoa ukali unaotoboa meno. Mate huuosha ukali huo na kuupunguza, tena yana chokaa ya kujaza tundu ndogo kabla hazijawa kubwa. Lakini mtoto akipewa pipi na chai yenye sukari mara nyingi kwa siku, mate hayapati nafasi ya kumaliza kazi yake.

Faida ya tatu ni kupigana na vijidudu. Karibu na mifereji wanakaa askari wa damu, wanaotengeneza silaha za kushika vijidudu. Chembe za vifuko na za mifereji huzipokea silaha hizo upande wa damu, zikazibeba ndani yake, zikazitoa upande wa mate. Silaha za namna hiyo hiyo zimo katika maziwa ya mama, na hasa maziwa ya manjano ya siku za kwanza. Mama, usiyakamue na kuyamwaga maziwa yale. Mpe mtoto.

6. MIFEREJI INAPOKAUKA

Mto ukiwa na maji mengi huondoa taka. Mto ukikauka, taka hukaa, na vidudu huzaa ndani yake. Ndivyo ilivyo katika mifereji ya mate. Mate yakitiririka husukuma vijidudu nje. Yakikoma, vijidudu vya kinywani hupanda mfereji mpaka ndani ya tezi, nayo huvimba na kutoa usaha.

Mnamo tarehe 2 Julai 1881, James Garfield, rais wa Marekani, alipigwa risasi. Alilala kitandani majuma mengi, akadhoofika, chakula kikamshinda. Mwezi wa Agosti tezi ya mate iliyo karibu na sikio ikavimba na kujaa usaha. Alikufa tarehe 19 Septemba. Tezi peke yake haikumwua. Alikuwa na jeraha kubwa lililoingiwa na vijidudu. Lakini habari hii inatuonyesha ya kuwa hata mtu mkubwa, mwenye waganga wengi, aweza kupata ugonjwa huu kinywa chake kikikauka.

Basi, wewe uliye mlinzi wa mgonjwa katika hospitali, sikiliza. Unapika, unafua, unamgeuza mgonjwa kitandani. Ongeza na kazi hii: tunza kinywa chake. Kama aweza kunywa, mpe maji safi kidogo kidogo, mara nyingi. Asubuhi na jioni na baada ya chakula, msafishe meno, ulimi na mashavu kwa mswaki laini au kitambaa safi kilicholowekwa maji safi. Kama amepasuliwa na mganga amekataza asinywe, usimpe maji kwa siri kwa kumhurumia. Mloweshe midomo tu, umwulize muuguzi. Ukiona uvimbe wenye maumivu mbele ya sikio, au homa, au usaha ukitoka ndani ya shavu, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo.

Kinywa kikavu ni alama nyingine pia. Mtoto anayehara, kinywa chake kikikauka, macho yakiingia ndani, tena analia bila machozi, amepungukiwa na maji na chumvi. Mpe dawa ya unga ya kuongeza maji inayotolewa katika dispanseri. Kama haipo, chukua lita moja ya maji safi, utie vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, nawe ushike njia ya kwenda hospitalini.

Watu wengine hukauka kinywa kwa ugonjwa wa sukari, au kwa ajili ya dawa wanazokunywa. Usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe. Njoo uulize kwanza.

7. JIWE NDANI YA MFEREJI

Mara nyingine chokaa iliyo katika mate hugandamana, ikawa jiwe dogo ndani ya mfereji. Mara nyingi jiwe hilo huwa katika tezi ya chini ya taya, kwa sababu mate yake ni mazito zaidi, na mfereji wake unapanda kwenda juu.

Alama yake ni rahisi kujua. Mtu akianza kula, uvimbe unatokea chini ya taya pamoja na maumivu. Akimaliza kula, uvimbe unapungua polepole. Kesho ni vivyo hivyo. Sababu yake ni kwamba chakula kinaita mate, lakini njia imezibwa.

Mtu huyu anywe maji mengi, alambe limau, na akandekande uvimbe kwa upole kutoka nyuma kwenda mbele. Mara nyingine jiwe dogo hutoka lenyewe. Kama halitoki, au kama homa na usaha vimekuja, aje hospitalini. Mganga ataweza kulitoa. Asijaribu kulichokoa kwa sindano au mwiba.

8. MASHAVU YANAPOVIMBA

Uko ugonjwa unaowapata hasa watoto, uitwao matubwitubwi. Tezi za masikio huvimba, upande mmoja au pande mbili. Mtoto ana homa, na akitafuna au akila kitu kichungu kama limau anaumia. Ugonjwa huu hupitishwa kwa mate na kwa kukohoa. Mgonjwa akae nyumbani siku 5 tangu uvimbe kuanza, na kikombe chake kisishirikiwe na wengine. Mpe chakula laini na maji mengi. Mara nyingi hupona mwenyewe. Lakini kama kichwa kinamwuma sana, au shingo imekazana, au anatapika, au hasikii vizuri, au kijana wa kiume amevimba makende, mlete hospitalini.

Sio kila shavu lililovimba ni matubwitubwi. Uvimbe wa pande mbili usiouma, unaodumu miezi, waweza kutokana na kukosa chakula kizuri, au na virusi vya UKIMWI. Uvimbe mgumu unaokua polepole upande mmoja waweza kuwa kitu cha kupasuliwa. Usiogope kupimwa. Hofu haiponyi mtu, na ziko dawa zinazowasaidia wenye virusi kuishi miaka mingi.

Sasa twasema neno moja kwa nguvu: USIKATE SHAVU LILILOVIMBA KWA WEMBE. Ndani ya tezi ile ya sikio unapita mshipa wa fahamu unaofumba jicho na kuuchekesha mdomo. Anayechanja bila kujua aweza kuukata. Ndipo jicho halifumbi tena, na mdomo unapinda upande mmoja, labda maisha yote. Tena akiukata mfereji wa mate, mate yatatokea shavuni kila mgonjwa anapokula, na kidonda hakitafunga upesi. Mzazi aliyetaka kumsaidia mtoto wake atakuwa amemwumiza.

9. MATE YA MBWA MWENYE KICHAA

Mifereji ya mate ni njia ya uzima, lakini yaweza pia kuwa njia ya mauti.

Mbwa akipatwa na kichaa, virusi husafiri katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Kutoka huko hushuka kwa mishipa mingine mpaka katika tezi za mate. Huko huzaana ndani ya chembe, na kutoka kwa mifereji pamoja na mate. Jambo la hatari ni hili: virusi vyaweza kuwamo katika mate siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha kichaa. Kwa hiyo usiseme, “Mbwa huyu ni wa jirani, tena mpole.”

Ukiumwa na mbwa, au akikulamba mahali penye jeraha, fanya hivi. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 nzima. Usitie pilipili, wala majani, wala mafuta. Usilishone. Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo upate chanjo. Mbwa akiweza kufungwa bila kuuma mtu mwingine, afungwe na kuangaliwa siku 10, lakini wewe usingoje siku hizo ndipo uende.

Chanjo hii ilianza kazi tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipoamuru mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, achomwe. Mtoto akaishi. Lakini dalili za kichaa zikianza katika mtu, karibu hakuna anayepona. Mlango wa kuokoka uko mwanzoni tu: sabuni, maji, na chanjo.

10. NENO LA MWISHO

Mkristo anayesoma habari hizi hawezi kuacha kushangaa. Tunajua kusifu milima na mto mkubwa wa nchi yetu. Lakini ndani ya shavu la mtoto maskini kuna mifereji maelfu, na katika kila mfereji walinzi wanaohesabu chumvi usiku na mchana, bila kuona mwanga, wala kusifiwa na mtu. Soma Zaburi 139 ukiwa na jambo hili moyoni. Soma tena Yohana 9, uone jinsi Bwana Yesu hakudharau mate, bali aliyatumia alipomfungua macho kipofu.

Lakini kushangaa peke yake hakutoshi. Mwili tumepewa tuutunze, wetu na wa jirani. Kumsafisha mgonjwa kinywa ni kazi ndogo, tena haipendezi sana. Walakini ni kazi ya upendo, na mara nyingine ndiyo inayomponya.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Tezi kubwa za mate ni ngapi, nazo ziko wapi?
2. Chembe zenye mistari zinarudisha nini katika damu? Zinatoa nini badala yake?
3. Kwa nini maji hayaifuati chumvi inaporudi katika damu?
4. Kwa nini mgonjwa asiyeweza kula aweza kuvimba tezi ya mate? Mlinzi wake afanye nini?
5. Mtu akivimba chini ya taya kila anapokula, labda ana nini?
6. Taja hatari mbili za kukata shavu lililovimba.
7. Mtoto wako ameumwa na mbwa sasa hivi. Utafanya nini kwanza? Utafanya nini baadaye?

Kama umeweza kujibu maswali haya, mfundishe mtu mmoja asiyejua kusoma.